Ladha Moja Mpya kwa Bei Gani? Hesabu ya Maonesho ya Vyakula vya Asili kwa Mtu wa Misunkumilo

Niliporudi kutoka kwenye maonesho ya Nane Nane jijini Mbeya, bibi mmoja jirani yangu hapa Misunkumilo, Mpanda, mkoani Katavi, aliitikia shikamoo yangu, akapokea maparachichi niliyomletea, kisha akaniuliza: “Mjukuu wangu, huko ulikokwenda ulikula nini ambacho hapa hatuna?”

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja havikuisha. Siku nzima nilikuwa nimezunguka kwenye mabanda ya nyasi yaliyopambwa vibuyu, vinu na ungo. Vyungu vya chakula vilikuwepo, lakini nilipouliza bei nilijibiwa kwamba vile ni vya kuonesha, haviuzwi. Njaa iliponishika jioni nilikula chipsi mayai, chakula ninachokipata hapa Mpanda bila kupanda basi. Nauli, gesti na siku tatu za kazi vilikuwa vimekwenda.

Tangu siku hiyo nimeacha kuulizia kiingilio peke yake, maana kiingilio ndicho kipande kidogo kuliko vyote katika gharama ya safari. Sasa nafanya hivi: najumlisha fedha yote inayotoka mfukoni tangu ninapofunga mlango wa nyumba hadi ninapoufungua tena, kisha nagawanya kwa idadi ya vyakula na vinywaji vya asili nilivyovionja kwa mara ya kwanza. Jibu linalopatikana naliita bei ya ladha moja. Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia hapa kulinganisha maonesho manne makubwa ambayo mtu wa Katavi anaweza kuyafikia, na njia ya tano ambayo wengi hatuihesabu.

Nauli kwanza

Kuanzia tarehe 8 Desemba 2023, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha nauli ya basi la daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita, na la daraja la kati kuwa shilingi 67.84. Ukizishika namba hizo mbili, huhitaji kumsubiri mpiga debe akutajie bei stendi. Chukua kilomita, zidisha, utajua kwa makadirio unapaswa kulipa kiasi gani. Daraja la kati huongeza takriban asilimia 40 juu ya daraja la kawaida, kwa hiyo mwenye safari ndefu ya kwenda kula aamue mapema kama fedha hiyo aitumie kwenye kiti au kwenye sahani.

Kwa daraja la kawaida, kwenda na kurudi kutoka Mpanda, hesabu inakuja hivi:

Tabora, kilomita kama 356: shilingi 34,500.
Mbeya kupitia Sumbawanga na Tunduma, kilomita kama 570: shilingi 55,300.
Mwanza kupitia Tabora na Shinyanga, kilomita kama 720: shilingi 69,800.
Dar es Salaam kupitia Tabora na Dodoma, kilomita kama 1,200: shilingi 116,300.

Anayekwenda Dar es Salaam anaweza kushuka Dodoma na kupanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma katikati ya mwaka 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000, wakati basi kwa kilomita 450 hivi linakuja kama shilingi 21,800. Kwa hiyo treni inakuongezea kama shilingi 9,200 kila upande na kukuokolea saa kadhaa. Kwa upande wa Tabora ipo pia reli ya zamani ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, iliyojengwa enzi za mgodi wa risasi wa Mukwamba. Mwenye mzigo wa kurudi nao aulize stesheni siku za treni kabla ya kukata tiketi ya basi.

Kwa malazi na chakula ninatumia kiasi kimoja cha mfano ili ulinganisho uwe wa haki: shilingi 15,000 kwa usiku na shilingi 10,000 za kula kwa siku. Wewe weka bei unazozijua. Kwa safari ya siku tatu yenye kulala mara mbili, Tabora inafika shilingi 94,500, Mbeya 115,300 na Mwanza 129,800. Dar es Salaam inataka walau siku nne na kulala mara tatu, kwa hiyo inafika shilingi 201,300, na huko vyumba mara nyingi huwa ghali kuliko mfano wangu.

Tabora: karibu, lakini ni ndugu yetu mno

Viwanja vya Fatma Mwassa, Ipuli, ndiko Kanda ya Magharibi, yaani Tabora na Kigoma, hufanyia Nane Nane kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti. Kwa nauli peke yake, Tabora inashinda. Lakini Mnyamwezi na Mkonongo wanakula kutoka pori moja la miombo. Asali utakayoikuta ni ndugu ya asali ya Inyonga. Michembe, mlenda, karanga na ugali wa muhogo vipo nyumbani. Jipya hasa ni la Kigoma: mawese mabichi mekundu na mapishi ya Waha yaliyoungwa kwa mawese hayo. Nikihesabu kwa ukarimu napata ladha tatu mpya. Gawanya 94,500 kwa tatu, ladha moja inagharimu shilingi 31,500.

Hii haina maana kwamba Tabora haifai. Inamfaa sana mfugaji wa nyuki anayetaka kuona vifungashio, mashine za kukamulia na wanunuzi. Kwa anayekwenda kuonja tu, ukaribu wa njia unamdanganya.

Mbeya: mbali zaidi, nafuu zaidi

Katavi hushiriki Nane Nane katika Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Faida ya kanda hii ni kwamba hali ya hewa yake hailingani na yetu. Utakuta mazao ya baridi: viazi mviringo na matunda ya Njombe, maparachichi, ndizi na magimbi ya Wanyakyusa kutoka Rungwe. Yapo pia ya joto: mchele na kakao ya Kyela. Mtu akizunguka kwa utulivu na kuuliza wapishi badala ya wapambaji, kupata ladha nane mpya ni jambo la kawaida. Gawanya 115,300 kwa nane: shilingi 14,400 kwa ladha moja, chini ya nusu ya bei ya Tabora.

Mimi nilifika nikapata chache kwa sababu nilifanya makosa matatu. Nilikwenda tarehe 8 yenyewe, siku ya viongozi na msongamano. Sikuweka nafasi ya chumba mapema. Na sikutofautisha banda la maonesho na jiko. Anayetaka kula afike tarehe 3 au 4 Agosti, aingie asubuhi, na swali lake la kwanza katika kila banda liwe: “Mama, hiki kinaliwa leo?” Akijibiwa hapana, aulize mpishi wao anakula wapi mchana. Mara nyingi nyuma ya banda kuna sufuria moja ya kweli.

Bulabo: unalipia ngoma, chakula ni nyongeza

Bulabo ya Wasukuma hufanyika Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo huja siku 60 baada ya Pasaka na kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi Juni. Hapo ndipo vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana, na ndipo penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Anayependa ngoma hatajuta.

Kwa chakula, hata hivyo, mtu wa Katavi anaanza na faida ambayo haitambui. Wasukuma wamehamia kwetu kwa wingi. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa, yaani vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vinapatikana kwa majirani zetu. Maziwa mgando yapo. Kipya ni samaki wa Ziwa Victoria aliyepikwa kandokando ya ziwa lake, na vitu vichache vya kuandamana naye. Nikiweka ladha nne, moja inakuja shilingi 32,450. Nenda Bulabo kwa ajili ya ngoma, na fedha yake iandike kwenye fungu la ngoma.

Sabasaba: duka kubwa kuliko jiko

Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, huanza mwishoni mwa Juni na kuvuka tarehe 7 Julai. Huko wajasiriamali wa mikoa mingi huleta asali, viungo, unga wa lishe, achari, mvinyo wa matunda na chai vikiwa vimefungashwa. Ukihesabu ladha kumi, bei ya moja ni shilingi 20,100 hivi. Si mbaya kwa umbali ule. Lakini sehemu kubwa ya ladha hizo iko kwenye chupa na pakiti. Chakula cha moto kinachopikwa uwanjani mara nyingi ni nyama choma, chipsi na pilau. Sabasaba inamlipa anayetaka kulinganisha bidhaa ishirini za aina moja mahali pamoja, kisha akarudi kuboresha ya kwake.

Ukifika, usilipie maji, hewa wala lebo

Kitu kimoja ambacho watu wa Katavi tunapaswa kukijua kuliko wote ni asali, na bado wengi tunapunjwa. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Kwa hiyo chupa ya nusu lita ina gramu 700 hivi, na kopo lililoandikwa gramu 500 halifiki hata robo tatu ya hiyo. Vikiuzwa vyote viwili kwa shilingi 10,000, ya chupa inakuja karibu shilingi 14,300 kwa kilo na ya kopo shilingi 20,000 kwa kilo. Muulize muuzaji anapima kwa lita au kwa kilo kabla hujasifia lebo.

Tena usimshutumu muuzaji wa asali ya nyuki wadogo kwa sababu ni nyepesi na ina uchachu. Asali hiyo kwa asili ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa. Asali ya nyuki wakubwa ndiyo inayotakiwa iwe nzito, na ikizidi asilimia 20 ya maji huchacha mapema. Ukiona povu juu yake na kizibo kinasukumwa na hewa, iache.

Kwa migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, angalia kalenda. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kipindi hicho kinameza Sabasaba na Nane Nane zote mbili. Katika mwaka wa namna hiyo, samaki mkavu unayemkuta mwanzoni mwa Agosti ni wa akiba ya zaidi ya miezi miwili, na bei yake inabeba uhaba. Kama ni migebuka unaitafuta, subiri ziwa lifunguliwe, uinunue kwa wanaoitoa Karema na Ikola. Usimlaumu mwenye banda, wala usimlaumu aliyefunga ziwa, maana bila mapumziko hayo wajukuu zetu wataisikia migebuka kwenye hadithi.

Kwa vinywaji, kanuni yangu ni fupi. Pombe ya asili iliyochachuka, kama wanzuki wa asali au mbege ya ndizi na ulezi, ni kinywaji cha siku chache. Uliza ilipikwa lini, onja kidogo, na chombo kiwe safi. Kilichokenekwa na kuwekwa kwenye chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala alama ya TBS, usikiguse hata kwa zawadi.

Kalenda inaficha nusu ya chakula chetu

Nilipoziandika tarehe za maonesho haya yote kwenye daftari, ndipo nilipoona jambo ambalo bibi alilijua bila kuliandika. Bulabo ni mwisho wa Mei au Juni, Sabasaba ni Julai, Nane Nane ni Agosti. Yote ni kiangazi. Sababu yake inaeleweka: mavuno yameingia, fedha ipo mkononi, barabara zinapitika, na watu wanaweza kulala nje bila mvua. Lakini maana yake ni kwamba maonesho makubwa yanatuonesha hasa chakula cha ghalani: mchele, karanga, mahindi, asali, samaki mkavu.

Chakula cha masika hakiingii uwanjani. Kumbikumbi hutoka na mvua za kwanza. Uyoga wa miombo, ule mwekundu na ule mweupe ambao kina mama huubeba kwa ndoo kutoka porini, ni wa Desemba hadi Februari au Machi. Mboga changa za porini, maboga mateke na mahindi mabichi ya kuchoma, vyote ni vya mvua. Hata ulanzi, maji matamu ya mwanzi wa Iringa na Njombe, hugemwa masika. Anayeuota Mbeya mwezi Agosti amechelewa kwa miezi. Uende maonesho yote manne kwa zaidi ya nusu milioni, bado nusu ya mwaka wa chakula chetu hutaiona.

Njia ya tano: chungu cha kila nyumba

Njia ya tano haihitaji basi, ingawa mfano wake uko mbali. Huko Baja, mji wa Hungaria kando ya Mto Danube, mwezi Julai, tangu 1996, watu hutoa vyungu vya chuma nje na kupika supu ya samaki yenye pilipili nyekundu ya paprika, kwenye uwanja wa mji na mitaa yake. Iwe ni familia, marafiki au wafanyakazi wa kampuni moja, kila kundi huwa na moto wake, na vyungu huwa zaidi ya elfu moja. Supu huliwa na tambi nyembamba kama desturi ya mji huo inavyotaka. Wageni husafiri kwenda kuila, lakini mzizi wa sherehe ni nyumba zilizoamua kupika siku moja chakula kilekile wanachokijua.

Sisi tuna utajiri wa aina nyingine. Katika mtaa mmoja wa Misunkumilo unaweza kukuta Mpimbwe, Mbende, Mkonongo, Mfipa, Msukuma na Muha, kila mmoja na mkono wake wa kuunga mboga. Tuseme familia 12 zinakubaliana siku moja ya Jumapili, mwezi Februari au Machi, mvua zikiwa zimepumzika kidogo. Kila familia inapika chungu kimoja cha kwao. Weka shilingi 8,000 za vitu na shilingi 2,000 za mkaa au kuni: jumla 10,000 kwa nyumba, na hizo zinalisha nyumba nzima badala ya msafiri mmoja. Katika vyungu 12, tukubali kwamba nusu tayari unavijua. Sita vinavyobaki vinakupa bei ya ladha moja: shilingi 1,667. Linganisha na 14,400 ya Mbeya, ambayo ni ya mtu mmoja aliyewaacha watoto nyumbani.

Onyo moja tu: uyoga uletwe na mama anayeufahamu, aliyefundishwa na mama yake. Usiokote mwenyewe kwa kufananisha rangi.

Ushauri wangu kwa mwenye mfuko mmoja

Kama una safari moja kwa mwaka na unataka kuonja, nenda Mbeya, siku za katikati. Kama fedha haitoshi, familia nne zichangiane shilingi 28,825 kila moja, zimtume mmoja mwenye ulimi mwepesi na daftari, arudi na mbegu, viungo na maelezo ya mapishi. Tabora iwe ya mwenye mizinga, Dar es Salaam iwe ya mwenye bidhaa ya kuuza, Bujora iwe ya mwenye kupenda ngoma. Na chungu cha mtaa kiwe cha kila mtu, kila masika.

Nimempelekea bibi hesabu hii. Aliisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama katika zile familia 12 nimemwandika. Nikamwambia, “Ndiyo, bibi, wewe ni wa kwanza.” Akasema atapika uyoga kwa karanga, na kwamba mwaka huu wajukuu zake wawili wa kike ataingia nao porini, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho pale nyumbani anayeujua uyoga unaoliwa na usioliwa. Nikafungua daftari nikatafuta mahali pa kuuandika ujuzi huo katika hesabu yangu. Sikuupata, na ndiyo maana safari yangu ya kwanza mwaka huu itakuwa ya kuwafuata wao watatu, kapu mkononi, mvua ikishaanza.